Kuchagua Programu ya Jukwaa la Majadiliano: Mambo ya Kuuliza Kabla Kikundi Chenu Hakijalipa

Walifika ofisini kwetu wajumbe watatu wa umoja wa wahitimu wa shule moja ya sekondari. Walikuwa wamechangishana fedha na kumlipa fundi mmoja wa kompyuta awajengee jukwaa la majadiliano katika intaneti. Kwa miaka minne walilitumia vizuri. Humo walipanga misiba na harusi, humo waliweka hesabu za mchango wa kumsomesha mtoto wa marehemu mwenzao, na humo wakubwa wao waliandika kidogo kidogo historia ya shule ambayo haijapata kuandikwa popote. Fundi alipohama mji na kubadili namba ya simu, jukwaa lilizimika. Jina la kikoa lilikuwa limesajiliwa kwa jina lake, seva ililipiwa kwa kadi yake, na nenosiri kuu alikuwa nalo yeye peke yake. Wajumbe walituletea stakabadhi moja tu, iliyoandikwa maneno mawili, "kazi ya tovuti", na kiasi cha fedha.

Hatukuweza kuwarudishia miaka ile minne. Fundi mwenyewe hakuwa tapeli. Kazi aliifanya na ilionekana. Kosa lilikuwa kwamba siku ya kununua hakuna aliyeuliza kinachonunuliwa ni nini hasa. Sura hii tumeiandika kwa ajili ya vikundi vinavyokusudia kununua kitu cha namna hiyo: vyama vya wazazi, vyama vya ushirika, jumuiya za wanataaluma, na umoja wa watu wa eneo moja waliotawanyika mijini na ughaibuni.

Swali la kwanza ni kama mnahitaji programu yoyote mpya. Vikundi vingi nchini vinaendesha mambo yake katika WhatsApp, na kwa kikundi cha watu thelathini wanaofahamiana hatuoni sababu ya kutumia hata shilingi moja zaidi. Lakini kundi la WhatsApp lina mipaka yake. Haliwezi kuzidi watu 1,024. Namba ya simu ya kila mmoja huonekana na wenzake wote, pamoja na wale asiowajua. Zaidi ya hayo, mazungumzo hutiririka kama maji ya mto: taarifa ya mweka hazina iliyotolewa asubuhi huzikwa jioni chini ya salamu na picha, na mwanachama anayejiunga mwakani kwa kawaida haioni kabisa. Programu ya jukwaa la majadiliano hufanya kinyume. Kila hoja huwa na kichwa chake na mahali pake, majibu hufuatana chini yake, na aliyechelewa huweza kuitafuta miaka kumi baadaye. JamiiForums, iliyoanzishwa nchini mwaka 2006, imewazoesha watu wengi wa Afrika Mashariki mpangilio huo, hata wasiojua kwamba nyuma yake kuna programu inayouzwa au kutolewa bure kama nyingine yoyote.

Neno "bure" linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndilo linaloponza wengi. Zipo programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi na leseni yake inamruhusu yeyote kuzitumia, kuzibadili na kuzisambaza bila kulipa. Mbili zinazojulikana sana ni phpBB, iliyoanza mwaka 2000, na Discourse, iliyotangazwa mwaka 2013. Fundi akiwatoza fedha "za kununua phpBB", mjue kwamba mnamlipa kwa kazi ya kuiweka, jambo ambalo ni halali yake, wala hamnunui programu. Hata hivyo programu ya bure hukaa katika seva ya kukodi, na kodi hiyo hulipwa kila mwezi au kila mwaka. Jina la kikoa hulipiwa kila mwaka. Barua pepe za kuwajulisha wanachama kwamba wamejibiwa huhitaji huduma ya kuzituma, la sivyo huishia katika kapu la taka. Na lazima awepo mtu wa kuweka masahihisho kila yanapotolewa. Gharama kubwa ni hiyo ya mwisho, nayo haimo katika ankara ya mwanzo.

Kundi la pili ni programu za kulipia leseni, mfano XenForo. Hapa msome kwa makini muda wa leseni. Katika mpango wa namna hiyo, malipo ya kwanza huwapa haki ya kuitumia programu pamoja na masahihisho ya mwaka mmoja; mwaka ukiisha jukwaa haliondoki, ila masahihisho mapya hamyapati mpaka mlipe tena. Mnunuzi aliyedhani amelipa mara moja kwa maisha hujikuta na programu inayofanya kazi lakini inazidi kuzeeka. Kundi la tatu ni huduma ambayo kampuni huweka kila kitu katika seva zake, nanyi mkalipa kwa mwezi. Kwa kikundi kisicho na fundi wa kudumu, njia hii mara nyingi ndiyo nafuu kuliko zote, ijapokuwa tarakimu yake ndiyo inayotisha zaidi siku ya kwanza.

Kati ya phpBB na Discourse tunaulizwa mara kwa mara ipi ni bora. Jibu hutegemea simu za wanachama wenu kuliko ustadi wa fundi. phpBB hukaa katika seva za kawaida za bei ndogo, na kurasa zake ni nyepesi, hivyo hufunguka hata pale mtandao unaposuasua. Sura yake ni ya kizamani, na vijana hulalamika. Discourse inapendeza zaidi, hujibika kwa barua pepe bila kufungua ukurasa, na ina utaratibu mzuri wa kumpa mgeni uwezo mdogo kwanza na kumwongezea kadiri anavyoshiriki. Lakini inahitaji seva ya peke yake yenye angalau gigabaiti 1 ya kumbukumbu, na afadhali 2, na mara ya kwanza hupakia mzigo mkubwa katika simu. Mwanachama wa kijijini mwenye bando la siku na simu ya bei ya chini ataihisi tofauti hiyo kabla ya kusoma neno la kwanza.

Kwa hiyo tunashauri jaribio moja lisilo na gharama. Kabla ya kuamua, mwombeni muuzaji awaonyeshe jukwaa linalofanya kazi kwa programu anayoiuza, kisha lifungueni kwa simu duni kuliko zote kikundini, mahali penye mtandao hafifu, mkiwa pamoja na mwanachama mwenye umri mkubwa. Mwambieni ajiandikishe mwenyewe, aandike maneno mawili na kupakia picha ya stakabadhi. Akishindwa, msimlaumu yeye. Katika jaribio hilohilo angalieni lugha. Tafsiri ya Kiswahili ikiwapo, si lazima iwe imekamilika. Vitufe vya Kiswahili na ujumbe wa makosa wa Kiingereza ni mchanganyiko unaowachanganya watu kuliko Kiingereza kitupu.

Sasa tuje kwenye jambo lililowaumiza wahitimu wale: nani anamiliki maandishi, na yatatokaje siku ya kuhama. Msidhani kwamba kampuni kubwa ni dhamana. Yahoo ilikuwa na huduma iliyoitwa Yahoo Groups, ambamo vikundi vya kila aina duniani vilijadiliana kwa karibu miaka ishirini. Oktoba 2019 kampuni ilitangaza kwamba vilivyohifadhiwa humo vitaondolewa, ikawapa watumiaji miezi michache ya kuchukua vyao, na tarehe 15 Desemba 2020 huduma yote ikafungwa. Waliokuwa na nakala walihamia kwingine. Wengine walibaki na kumbukumbu za kichwani.

Muulizeni muuzaji kwa maneno ya wazi: tukitaka kuondoka kesho, tutapata faili gani, kwa namna gani, na kwa gharama gani? Discourse humwezesha msimamizi kutengeneza nakala ya akiba ya jukwaa na kuipakua kutoka katika ukurasa wa usimamizi. Tena ina zana za kuingiza mazungumzo yaliyotoka katika programu nyingine, phpBB ikiwamo. phpBB nayo hutoa nakala ya hifadhidata, lakini picha na viambatisho hukaa katika folda tofauti, nayo lazima inakiliwe kando. Tumeona kikundi kilichohifadhi hifadhidata kwa uaminifu kila mwezi na bado kikapoteza picha zake zote, kwa sababu hakuna aliyeambiwa habari ya folda hiyo. Nakala isikae katika seva ileile ya jukwaa. Na angalau mara moja kwa mwaka ijaribiwe kurejeshwa mahali pa majaribio, kwa maana faili lisilopata kufunguliwa hamjui kama ni nakala au ni jina tu.

Usalama nao haununuliwi mara moja. Jukwaa la watumiaji wa Ubuntu, lililokuwa likiendeshwa na kampuni ya Canonical yenye wataalamu wa kutosha, lilivunjwa mwaka 2013, zikaibwa taarifa za akaunti zipatazo milioni 1.82. Mwaka 2016 likavunjwa tena, na safari hii mlango ulikuwa nyongeza moja iliyobandikwa juu ya programu kuu. Udhaifu wa nyongeza hiyo ulikuwa unajulikana, lakini masahihisho yake hayakuwa yamewekwa. Majina ya watumiaji na anwani za barua pepe za watu milioni 2 zilichukuliwa. Ikiwa wao waliteleza, kikundi cha mtaani chenye fundi wa kupigiwa simu hakina budi kuwa na kiasi katika nyongeza na mapambo. Kila kinachobandikwa ni kitu kimoja zaidi cha kutunza. Ulizeni pia toleo la mwisho la programu lilitolewa lini. Ikiwa ni miaka kadhaa iliyopita, tafuteni nyingine, hata kama ni nzuri na ni bure.

Kuhusu sheria tutasema machache. Kikundi kinachokusanya majina, namba za simu na picha za wanachama kinakusanya taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu wakusanyaji wa taarifa hizo, pamoja na masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Seva nyingi za bei nafuu ziko nje. Ulizeni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mapema wajibu wenu ni upi. Jukwaa likikusudiwa kusomwa na umma, ulizeni pia TCRA kuhusu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni kabla ya kulifungua. Jukwaa la wanachama peke yao lina usumbufu mdogo zaidi, na kwa vikundi vingi latosha. Vyovyote iwavyo, msiombe taarifa msizozihitaji: kujadili bei ya mbolea hakuhitaji namba ya kitambulisho cha taifa.

Mkikubaliana na muuzaji, andikianeni. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha, mradi utaje jina la programu na toleo lake, kazi itakayofanywa, malipo ya kila mwaka, na nani ataweka masahihisho na kwa muda gani. Jina la kikoa lisajiliwe kwa jina la kikundi, kwa barua pepe ya kikundi. Seva ilipiwe na kikundi, hata kama fundi ndiye anayeshika kibodi. Nenosiri la msimamizi mkuu liwe mikononi mwa viongozi wasiopungua wawili, na nakala yake ifungiwe katika bahasha pamoja na katiba na daftari la benki. Fundi mwaminifu hatachukia masharti haya, kwa kuwa yanamwondolea lawama siku atakapougua au kusafiri. Akikasirika kabla ya kazi kuanza, mmepata habari muhimu bila kulipa.

Malipo yagawanywe. Sehemu ya mwisho itolewe baada ya kikundi kuingia chenyewe kwa nenosiri lake, kupakua nakala kamili, na kumwondoa na kumrudisha mwanachama mmoja wa majaribio bila msaada wa fundi. Tunasisitiza hilo la mwisho kwa sababu siku ya ugomvi, mtu akiandika matusi usiku wa manane, msimamizi anapaswa kujua kitufe kilipo. Chagueni wasimamizi wawili au watatu, tena wasiwe wote wa upande mmoja wa mgogoro wa mkutano mkuu uliopita. Programu haitawasaidia hapo.

Mkiwa mmekwisha kulipa na mambo yameharibika, leteni mkataba, stakabadhi na ujumbe wote mlioandikiana na muuzaji, hata wa simu. Msifute chochote kwa hasira. Wale wahitimu, tuliporudi kuwauliza baadaye, walituambia kwamba mmoja wao alikuwa na mazoea ya kuchapisha kila sura ya historia ya shule na kumpelekea mama yake asome. Karatasi hizo, arobaini na kitu, ndizo walizoanza kuziandika upya katika jukwaa jipya, ambalo jina lake la kikoa sasa limesajiliwa kwa umoja.