Je, Wajua? Darasa moja lililomfungulia mlango Dizzee Rascal

Rapa Dizzee Rascal alilelewa na mama yake peke yake mtaa wa Bow, mashariki mwa London, na utotoni aliiba magari na kupigana hadi na walimu. Shuleni alifukuzwa darasa baada ya darasa, likabaki la muziki tu. Humo aliketi mbele ya kompyuta, akapanga midundo kwa mkono wake. Mwalimu aliyemvumilia anastahili heshima kubwa! Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, albamu yake ya kwanza, Boy in da Corner, ilitwaa tuzo ya muziki ya Mercury, miezi miwili tu baada ya kuchomwa kisu Ayia Napa, kisiwani Kupro. Mwaka 2008, wimbo wake Dance wiv Me ukaongoza chati za Uingereza.