Fahamu: Kabla hujafungua yadi ya magari Dodoma

Kupanga IST tano kiwanjani na kuzifuta vumbi la Dodoma kila asubuhi ndiyo kazi nyepesi; nzito ni makaratasi. Anza BRELA kusajili jina la biashara au kampuni, kisha TRA upate TIN na cheti cha uthibitisho wa kodi. Mkataba wa pango uwe mkononi. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 ina makundi mawili ya leseni. Anayeagiza magari nje huomba Kundi A, BRELA. Kundi B hutolewa na halmashauri, hapa ni Jiji, kupitia mfumo wa TAUSI. Leseni hudumu miezi 12. Kinachosumbua zaidi, kwa maoni yangu, ni kadi ya gari: gari limeuzwa, jina halijabadilishwa, deni la faini linabaki kwenye namba ileile. Nawe mnunuzi, usitoke yadini bila risiti ya EFD.