Fundi wa Busisi na mswaki wake

Tangu Juni 19, 2025, Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa, magari hayapangi tena foleni ya kivuko Busisi, kando ya Ziwa Victoria nchini Tanzania. Wachuuzi wengi walioishi kwa foleni ile wamepungukiwa wateja. Fundi simu niliyemkuta huko halalamiki sana, kwani riziki yake huletwa na maji: simu zilizotumbukia ziwani na taa za sola za wavuvi wa dagaa.

Kilichoninasa kwake ni mswaki. Nilidhani kazi ya fundi ni kuchomelea, kumbe muda mwingi anaosha.

“Ziwa haliui simu, kinachoua ni umeme,” anasema. Bodi iliyolowa ikiwa na chaji huliwa na kutu ya kijani upesi, kwa hiyo betri hutoka kwanza. Mchele, ambao wengi hufukia simu iliyolowa ndani yake, anaucheka: haujawahi kusugua kutu.

Uchafu wa pili huletwa na fundi mwenyewe. Flaksi, ile dawa inayofanya risasi ishike, mara nyingi hutokana na utomvu wa msonobari na huacha gundi ya kahawia. Zipo zenye asidi kali. Zisipooshwa, hula njia za shaba polepole. Simu inarudi imekufa, fundi anaitwa mwizi.

Anatumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ya asilimia 70 ina maji, haimfai. Anamwagia kidogo, anasugua kwa mswaki laini, kisha, na hapa alinisimamisha nitazame, anaifyonza kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kabla haijakauka. “Ikikaukia hapo, gundi umeihamisha tu.” Anarudia kwa alkoholi safi hadi bodi isinate kidoleni.

Wenzake wengine huosha kwa petroli kwa sababu iko karibu na ni rahisi. Yeye hataki kuisikia, na namuunga mkono: ina benzini, inayosababisha saratani ya damu. Lakini hata isopropili si maji ya kunywa. Mvuke wake hushika moto kuanzia nyuzijoto 12 hivi, na mchana wa Busisi una joto kuliko hapo. Ndiyo maana pasi ya kuchomelea huzimwa, mlango ukaachwa wazi.

Vitambaa vyenye chembe za risasi vinatupwa wapi? Kanuni za taka za kielektroniki zipo tangu 2021. Fundi ana mfuko wa plastiki tu, na hajui aupeleke kwa nani.

Msomaji, kabla ya kukabidhi simu yako, muulize fundi anaosha bodi kwa kitu gani. Akijibu petroli, tafuta mwingine.