Treni ikifutwa, asiyeendesha gari ndiye anayeumia

Juni 30, 2019 ilikuwa siku ya mwisho kwa Hoosier State, treni iliyokuwa ikibeba abiria kati ya Indianapolis na Chicago nchini Marekani. Kwa wengi wenye magari, habari hiyo ilipita tu. Kwa mzee mwenye macho hafifu, au mgonjwa wa kifafa aliyekatazwa na daktari kushika usukani, maisha yalibadilika.

Safari ilikuwa ya kilomita 315 hivi, ikipitia miji midogo kama Crawfordsville, Lafayette na Rensselaer. Treni iliondoka Indianapolis alfajiri, na ya kurudi iliingia karibu na usiku wa manane. Ilifanya kazi siku nne kwa wiki. Siku tatu zilizobaki ilipita Cardinal, treni ya masafa marefu inayotoka New York, hivyo kila siku kulikuwa na usafiri.

Kwa nini ilifutwa?

Sheria ya mwaka 2008 iliyataka majimbo yagharimie treni za safari fupi, zile zisizozidi kilomita 1,200. Indiana ilikuwa ikilipa takribani dola milioni 3 kwa mwaka. Mwaka 2019 Gavana Eric Holcomb hakuitengea fedha katika bajeti aliyopendekeza, na bajeti iliyopitishwa haikuirudisha.

Hoja za waliotaka ifutwe zilikuwa na uzito. Abiria hawakufika 30,000 kwa mwaka, na treni ilitumia saa tano hivi kwa safari ambayo gari huimaliza kwa saa tatu na ushee. Lakini hesabu hiyo inamfaa mwenye gari. Asiyeweza kuendesha halinganishi saa tano na saa tatu. Analinganisha kwenda na kubaki nyumbani.

Cardinal bado inapita mara tatu kwa wiki. Tatizo ni kwamba kliniki haipangi miadi kwa kufuata ratiba ya treni. Siku zisipolingana, mgonjwa atafute basi, alale mjini, au amwombe mwanawe achukue ruhusa kazini ampeleke. Mara ya kwanza ataomba. Mara ya tatu ataona haya. Mara ya nne atasema anajisikia nafuu, na miadi itapita.

Miguu nayo inahusika

Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kuwa safari ya kukaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi huongeza takribani mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, iwe kwa gari, basi, treni au ndege. Hatari bado ni ndogo kwa mtu mwenye afya, ila mzee, mjamzito na aliyetoka kufanyiwa upasuaji wawe makini zaidi. Katika treni mtu anaweza kuinuka na kutembea kati ya viti. Katika gari, simameni njiani anyooshe miguu, na anywe maji ya kutosha.

Ukiwa na mzazi anayehudhuria kliniki, usiishie kumuuliza anajisikiaje. Muulize pia miadi ijayo ni lini na atafikaje. Pangeni zamu na ndugu zako mapema, ili asilazimike kuomba kila mara.