Tongoni: nani alipie ulinzi wa bahari?

Mwambao wa Tongoni, kilomita 20 hivi kusini mwa Jiji la Tanga, umeishi kwa biashara ya bahari tangu enzi za mji wa kale ambao magofu ya msikiti na makaburi yake yangalipo. Mvuvi, mchuuzi, mama anayekaanga samaki na kiwanda kinachouza pweza nje ya nchi, wote wanategemea ghala moja: matumbawe, nyasi bahari na mikoko. Kulilinda ghala hilo ni gharama ya biashara, kama yalivyo mafuta ya boti na barafu.

Tanga ililijua hilo mapema. Mwaka 1994 ilianza Programu ya Hifadhi na Maendeleo ya Ukanda wa Pwani, kwa fedha za Ireland na utaalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Wavuvi walifundishwa kuzamia na kuhesabu samaki miambani, bega kwa bega na maofisa wa wilaya. Vijiji vilikubaliana maeneo ya usimamizi wa pamoja, likiwemo la Mtang'ata. Baadhi ya miamba ikafungwa, doria zikaenda baharini, na milio ya baruti za wavuvi haramu ikapungua.

Hasara ya baruti haiishii kwenye samaki wanaoelea. Wengi huzama wakaoza bila kuokotwa, na vifaranga hufa pamoja na wakubwa. Matumbawe huvunjika yakawa kifusi, na kwa kuwa kifusi hicho hupinduliwa na mawimbi kila mara, matumbawe machanga hayapati pa kushika. Mlipuaji huuza siku hiyo. Mwenye dema hukosa kwa miaka.

Baruti ilikuwa imekwisha kurudi wakati programu ilipofungwa mwaka 2007. Mwaka 2009 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye kilomita za mraba 552. Hata hivyo, nafuu kubwa ilikuja baada ya operesheni za vyombo vya dola kuanzia mwaka 2016.

Sheria ya Uvuvi ya 2003 imewapa wanavijiji nafasi kupitia vikundi vya usimamizi wa fukwe, maarufu kama BMU. Wao ndio wanaojua nani katoka na nyavu gani, saa ngapi, na kashusha nini. Lakini doria haiendi bila petroli, na daftari la mapato ya samaki halijazwi na mtu anayefanya kazi bure mwaka mzima.

Faida ya kusubiri inaonekana kwa pweza, ambaye hukua haraka na huishi takriban mwaka mmoja tu. Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wamekuwa wakifunga eneo la miamba kwa miezi kadhaa, kisha kulifungua wakati wa bamvua. Pweza aliyeachwa hivyo huwa mzito zaidi, na mnunuzi hulipa kwa kilo. Lakini mwizi mmoja wa usiku anatosha kuvuna subira ya kijiji kizima, ndiyo maana ulinzi hauepukiki.

Ufadhili wa nje ulianzisha kazi hii vizuri, lakini hauwezi kuwa mshahara wa kudumu wa walinzi wa bahari. Halmashauri zirudishe sehemu ya ushuru wa samaki kwa BMU, na wanunuzi wakubwa wachangie doria na takwimu kwa kila kilo wanayonunua. Anayefaidika na ghala alipie mlinzi wake.