Mustari wa kwanza unauzisha mupunga

Kama koperative yenu iko na profili kwa WhatsApp ao LinkedIn, muangalie mustari mufupi ulio karibu na jina. WhatsApp inawapa herufi 139, LinkedIn 220 kwa profili ya mutu. Mununuzi wa Kindu anausoma kwanza, na mara mingi anaishia pale.

"Tusimame pamoja kwa maendeleo" ni maneno mazuri, lakini hayamwambie mutu munauzisha nini. Yeye anapita, na nyinyi munabakia na mufanyabiashara mumoja anayekuja mulangoni na kupanga bei yake.

Muandike mambo ine: mazao, wingi, mahali, wakati. Mufano:

"Koperative ya walimaji, Kasongo. Mupunga mukavu, tani 5, tayari mwezi wa 2."

Haifike hata herufi 90. Kwa Kabambare inaweza kuwa karanga. Mupango ni uleule.

Musihesabu tani zenye hazijaingia depo. Mumuchague mutu mumoja wa kubadilisha mustari siku ileile stoki inaisha. Mununuzi aliyelipa kamio mpaka kwenu na kukuta depo tupu, harudi tena.