Tuwarudishie watoto usiku

Kila ifikapo tarehe 8 Desemba, wakazi wa Lyon nchini Ufaransa huwasha mishumaa midogo ndani ya vikombe vya kioo na kuipanga madirishani. Kisha wazazi huwashika watoto wao mikono wakatoka nje kutembea. Kuta za makanisa na majumba ya serikali hugeuka turubai, wasanii wakazipamba kwa mwanga mtupu, pasi na tone la rangi wala burashi.

Asili ya sherehe hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mwaka 1852 ilikusudiwa kuzinduliwa sanamu ya Bikira Maria juu ya kilima cha Fourvière. Siku iliyopangwa ilikuwa 8 Septemba, lakini mto Saône ulifurika na shughuli ikaahirishwa hadi Desemba. Siku yenyewe ilipowadia, dhoruba ikazuka, na wakuu wakataka kuahirisha tena. Jioni mbingu zikatakata. Ndipo watu wa kawaida, pasi na amri ya yeyote, walipowasha mishumaa madirishani mwao, mtaa baada ya mtaa, hadi mji mzima ukang'aa. Naam, hapakuwa na mdhamini wala mgeni wa heshima wa kuhutubia! (Ni katika mji huo huo ambamo ndugu wawili walipiga filamu yao ya kwanza mwaka 1895, na jina la ukoo wao, Lumière, maana yake ni nuru.)

Sasa tujitazame sisi. Zamani usiku ulikuwa wa watoto: michezo ya mbalamwezi uwanjani na ngano za bibi kando ya moto. Huko pwani sehemu ya usiku huo ingalipo, kwani Lamu bado hukesha kwa Maulidi, na mwezi wa Ramadhani watoto hawalali mapema. Kwingineko, jua likizama, barabara huachiwa walevi na wanyang'anyi. Mtoto hufungiwa ndani na runinga au rundo la kazi za ziada. Tumeusalimisha usiku bila hata kuupigania.

Walimu wanaweza kuanza kuukomboa. Sanaa na muziki zilipoacha kutahiniwa katika KCPE, vipindi vyake vilimezwa na hisabati, na si siri kwamba wengi wetu tulishangilia. Leo mtaala wa umilisi umeifanya sanaa, pamoja na michezo, kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Lakini kazi za wanafunzi huonwa na nani? Hubandikwa ukutani hadi vumbi lizile. Mzazi huitwa shuleni kuhusu karo au utovu wa nidhamu, ni nadra kuitwa aje kustaajabia alichokiumba mwanawe.

Najua mwalimu mkuu atauliza habari ya usalama, tena ana haki. Mwaka 2024 wavulana 21 waliangamia katika moto wa bweni la shule ya Hillside Endarasha, na hakuna mlezi mwenye akili timamu atakayetaka mishumaa mikononi mwa mamia ya watoto. Basi tusiige mishumaa. Tochi ndogo za nguvu za jua zimejaa madukani. Taa ya karatasi ya manila juu ya ufito, ndani yake tochi, haiunguzi mtu. Lyon nao walionja hofu: mwaka 2015, baada ya mashambulizi ya Paris, sherehe ilifutwa na wenyeji wakawasha mishumaa madirishani tu kuwakumbuka waliouawa. Mwaka uliofuata walirejea barabarani, kwa siku tatu badala ya nne na kwa ulinzi mkali.

Kwetu ingetosha jioni moja kwa muhula. Watoto waunde taa zao darasani, michoro itundikwe kwenye kamba uwanjani, shuka jeupe litandazwe ukutani kwa maonyesho ya vivuli, na chifu aombwe askari wawili wa kulinda lango. Uchaguliwe usiku wa kiza, na lango liwe wazi tangu saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu, ili hata mama anayechelewa kufunga kibanda chake cha mboga apate wasaa wa kupita na wanawe.